Saa 23 za Mama wa Isyonje

Simu iliingia Ijumaa mchana akiwa shambani. Sauti ya kiume, ya upole kabisa: "Mama, hapa ni kituoni. Njoo mara moja tuongee, yaishe." Akanawa miguu, akavaa sweta, akajitanda khanga ya pili juu yake kwa sababu baridi ya Isyonje, huku kwenye milima ya Uporoto mkoani Mbeya, haina adabu, akapanda Noah. Saa kumi jioni alikuwa ameshavuliwa viatu na kuwekwa mahabusu. Alitoka Jumamosi saa tisa alasiri. Ukihesabu, ni saa 23.

Naanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Kila ninapokisimulia kisa hiki hakosi mtu wa kuniambia, "Basi hawakuvunja sheria, saa 24 za polisi kumshikilia mtu hazikuisha." Walimu wameniambia hivyo, diwani kaniambia hivyo, na mkuu wa kituo chenyewe alisema hivyohivyo siku ile, kama mtakavyoona. Mimi nasema saa zile 23 zilikuwa haramu tangu dakika ya kwanza.

Nijitambulishe kidogo. Ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale tunaosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sisimami mahakamani, siruhusiwi kudai malipo, na sehemu kubwa ya ujuzi wangu ni kujua nimpigie nani simu. Aliyekibeba kisa hiki ni wakili wa Mbeya mjini, mama wa makamo, nitakayemwita Wakili kama tunavyomwita sote. Nimebadilisha mambo madogo ili mama wa Isyonje asitambulike. Fedha na saa nimeziacha kama zilivyokuwa.

Gunia nane au kumi na moja

Mfanyabiashara wa viazi alimpa mama shilingi 1,800,000 kabla ya kupanda, ili wakati wa mavuno achukue gunia 40, kila moja 45,000. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya katikati ya daftari la shule, wakasaini, kila upande na shahidi wake. Kwa huku Uporoto hilo ni jambo la kila msimu. Mkulima hana fedha ya mbegu na mbolea, tajiri anayo. Bei wanayokubaliana huwa chini ya ile ya siku ya kuvuna, na hiyo tofauti ndiyo riba, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Mwaka ule mvua hazikukata. Ukungu ukaingia. Aliyelima viazi anaujua: leo jani lina doa kama limemwagiwa maji ya moto, wiki haijaisha shamba zima limelala na linanuka. Mama alipiga dawa mara mbili, ya tatu fedha ikawa imekwisha. Alivuna gunia 11, akazipeleka zote.

Vijana wa tajiri wakazifungua zile gunia 11 na kuzifunga upya kwa lumbesa, kile kichwa kinachosukwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia ili libebe kupita kiasi. Zikawa 8. (Lumbesa imepigwa marufuku, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na kila anayepita barabara ya Tukuyu anaona lumbesa zimepangwa pembezoni kama kawaida.) Kwa hesabu ya tajiri zilibaki gunia 32, yaani 1,440,000. Kwa hesabu ya mama zilibaki 29, yaani 1,305,000. Ugomvi wote ulikuwa wa gunia tatu, shilingi 135,000. Mama hakukana deni wala hakuhama kijiji. Alipoitwa kituoni alikwenda kwa nauli yake.

Tajiri alikwenda polisi, na jalada likafunguliwa kwa kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 7.

Nilivyoharibu

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alinipigia saa kumi na mbili jioni. "Bwana mwanasheria, wamemweka ndani. Wanasema tukitoa nusu anatoka." Nimemrekebisha mara nyingi kwamba mimi si mwanasheria; siku ile sikumrekebisha, na lingekuwa jambo la maana kuliko yote niliyoyafanya usiku huo.

Ukutani mwa kituo kuna tangazo kwamba dhamana ni bure. Chini ya tangazo hilo ndipo tuliposimama kujadili kiasi. Sikuuliza kosa lililoandikwa. Sikuuliza ameingia saa ngapi. Nilichokiona ni mama mtu mzima atakayelala kwenye sakafu ya saruji mwezi wa sita, nikamwambia shemeji, "Toeni mnachoweza, mengine asubuhi." Wakachangishana kwa ndugu, zikapatikana 300,000. Askari wa zamu akazipokea, akasema atamfikishia mlalamikaji, akaandika kikaratasi: "Marejesho ya fedha zilizopatikana kwa udanganyifu." Kiasi hakukiandika. Shemeji akasaini. Mama hakutoka.

Saa tatu usiku nikampigia Wakili, nikaanza kumwaga: mjane, baridi, watoto. Akanikatiza. "Mdogo wangu, alivyoonewa utanieleza kesho. Aliingia saa ngapi? Kitabuni ameandikiwa kosa gani? Nani kaandika?" Sikuwa na jibu hata moja. Nilipofika kwenye zile 300,000 alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Kikaratasi kasaini nani?"

"Shemeji yake."

"Mungu mwema. Angesaini yeye, wangekuwa na maneno ya kukiri kosa mkononi. Msitoe hata senti nyingine."

Barua ya magotini

Alifika Jumamosi saa tatu na nusu kwa Hiace, na mkoba wa kitambaa ambao ndani yake mlikuwa na karatasi nyeupe, kalamu mbili na mkate wa mteja wake. Watu hudhani wakili wa haki za binadamu huingia kituoni akinguruma. Huyu alisalimia kila aliyekuwapo, akamwitikia mzee mmoja wa Kinyakyusa kwa "ndaga", akamwuliza askari wa kaunta usiku umekwendaje, kisha akaomba kumwona mteja wake. Akaambiwa mpelelezi hayupo, arudi Jumatatu.

"Afande, mimi sikuja kumwona mpelelezi."

Akakaa kwenye benchi dakika arobaini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na polisi akikataa anatakiwa awe na sababu, kwa mfano kwamba ushahidi utaharibiwa. Wakili aliuliza mara moja tu, bila kupandisha sauti, kama kuna sababu ya namna hiyo ili aiandike. Akaruhusiwa dakika kumi mlangoni pa nondo. Nilikuwa nyuma yake. Swali la kwanza la mama halikuwa la kutoka lini. Aliuliza, "Ng'ombe nani amemkamua?"

Wakili akarudi benchini, akaandika barua kwa mkono, karatasi magotini, nakala mbili. Ukurasa mmoja. Saa ya kuingia. Mkataba na tarehe yake. Gunia 11 zilizopokelewa. Kisha ombi lenye swali ndani yake: kituo kitaje ni maneno gani ya uongo mteja wangu aliyoyasema akijua ni uongo, na kama hayapo, aachiwe, na kama kituo kina shaka, apewe dhamana leo. Chini: nakala kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kwa Wakili wa Serikali Mfawidhi, na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kaunta wakakataa kugonga muhuri wa kupokea. Hapo ningekuwa mimi ningeanza kubishana. Yeye akachukua nakala yake, akaandika pembeni huku akijisomea kwa sauti: "Imepokelewa kaunta saa tano na dakika kumi asubuhi, askari wa zamu amekataa kugonga muhuri." Akamgeukia yule askari. "Saa ni sahihi, kaka?"

Kijana akaitazama saa ya ukutani. "Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Ahsante." Akafuta kumi, akaandika kumi na mbili.

Nimeifikiria sana ile dakika. Askari alikuwa amekataa barua, na papo hapo amethibitisha kwa kinywa chake, mbele ya watu watano, kwamba imemfikia na saa iliyofika. Nusu saa baadaye mkuu wa kituo aliitwa kutoka nyumbani. Akaja na kandambili, akaisoma barua mara mbili kwa kusimama.

"Mama, mbona hata saa 24 hazijafika?"

"Hazijafika, afande. Ila nitajie kosa kwanza, ndipo tuanze kuzihesabu."

Saa 24 ni za nini

Sheria inasema nini hasa? Kwa namba tulizokuwa tukizitumia wakati ule ni kifungu cha 32 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mtu akikamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, na ikaonekana hatafikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa aichunguze kesi na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa lionekane ni zito. Akibaki ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kifungu kizima kinamhusu mtu aliyekamatwa kwa kosa. Pasipo kosa hakuna saa 24, hakuna hata saa moja. Ibara ya 15 ya Katiba ndiyo mlango wa yote haya: mtu hanyang'anywi uhuru wake ila katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Hali kwanza, utaratibu baadaye. Sisi tumezoea kuruka hali na kwenda kuhesabu utaratibu, na polisi wamezoea hivyo kutokana na sisi.

Je, palikuwa na kosa? Udanganyifu unataka mtu aseme jambo la uongo huku akijua ni la uongo. Mama aliahidi viazi, akapanda viazi, akapuliza dawa, akapeleka vyote alivyovuna. Ukungu si udanganyifu. Hilo ni deni, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika ibara ya 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Najua mtaniuliza kuhusu gereza la madai. Lipo, lakini hilo ni la mdaiwa ambaye mahakama imeshatoa hukumu dhidi yake, kwa amri ya mahakama hiyohiyo, na mdai ndiye anayegharimia chakula chake. Kaunta ya polisi si mahakama.

Watu pia huchanganya na zile saa 48 za wakuu wa mikoa na wilaya, zinazotoka kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Nako ugonjwa ni uleule. Sheria ile inataka pawe na kosa au hatari ya kuvunjika kwa amani, na sababu ziandikwe, kisha ndipo inapoweka ukomo wa saa. Mitaani kilichobaki midomoni ni "weka ndani saa 48", kana kwamba ni posho.

Na kwa nini Ijumaa jioni? Kwa sababu mahakama imefungwa mpaka Jumatatu, mawakili wengi wamekwenda misibani na harusini, na ndugu wa aliye ndani wana siku mbili za kuuza kuku na mahindi. Anayedai anajua hivyo vizuri.

Saa tisa kasorobo mkuu wa kituo akasema mama atoke kwa dhamana ya mwenyekiti wa kitongoji. Wakili alitaka aachiwe moja kwa moja, jalada lifungwe. Hakulipata hilo siku ile. Akachukua alichopewa.

Muhuri unaolisha haki

Ofisi ya Wakili iko ghorofa ya kwanza huko Mwanjelwa, chini yake wanauza vipuri vya bajaji, kwa hiyo mashauri ya Katiba husomwa kwa mlio wa injini zinazojaribiwa. Mlangoni kuna foleni ya watu wa viapo: aliyepoteza cheti, anayebadili jina, wanaouziana kiwanja. Wakili anagonga muhuri, anapokea elfu kumi, anagonga tena. Niliwahi kumwonea huruma kwamba kazi hiyo inamchosha. Akacheka. Kesi za haki hazilipi, akasema. Mama wa Isyonje amepandiwa Hiace na watu watatu wa viwanja vya Iyunga.

Juu ya kabati ana nakala, imeshageuka rangi, ya hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1991 katika shauri la Daudi Pete. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisikiliza mwaka 1988. Pete alikuwa mtuhumiwa wa unyang'anyi, mtu ambaye hakuna wa kumwandalia maandamano. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema kifungu kinachomnyima dhamana kinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Hadithi haikuishia hapo: Mei 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha tena kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kuhusu makosa yasiyo na dhamana, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirejesha. Wakili anaipenda ile nakala kwa sababu ya Pete mwenyewe. Anasema haki za wote hupatikana kwa kumtetea mtu ambaye wengi hawampendi.

Mwingine anayemtaja mara kwa mara ni wa huku kwetu: Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, ambaye hakuwa hata wakili. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira alikubali kwamba raia anaweza kusimama mahakamani kuitetea Katiba kwa maslahi ya umma. Kesi yake ya mgombea binafsi ilikwenda mbali hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikampa ushindi Juni 2013. Milango hiyo imepungua upana tangu hapo. Mwaka 2019 serikali iliondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja. Mwaka 2020 sheria ya kutekeleza haki za msingi ikarekebishwa, na anayefungua shauri akatakiwa aape jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.

Marekebisho hayo ya 2020 ndiyo yaliyonikwaza mimi katika kisa hiki.

Misimu mingapi

Jalada lilifika kwa mwendesha mashtaka, likarudi na maneno kwamba ni shauri la madai. Tajiri akaenda Mahakama ya Mwanzo, mahali alipotakiwa kwenda tangu mwanzo. Hakimu alimwuliza swali moja lililomaliza ugomvi: gunia zilipoingia kwenye ghala lako zilikuwa ngapi kabla vijana hawajazifungua? Kumi na moja. Deni likawa 1,305,000.

Zikabaki zile 300,000. Tajiri aliapa kwamba mkononi mwake zilifika 200,000. Kikaratasi hakina kiasi, askari aliyepokea alikuwa amehamishwa, na aliyewaambia watoe alikuwa ameketi benchi la nyuma akitazama viatu vyake. Mama akaamriwa kulipa 1,105,000 kwa mavuno matatu.

Baada ya hapo nilimshawishi Wakili tuishtaki serikali kwa kumweka mtu ndani isivyo halali. Alimwita mama ofisini, akamweleza bila kupamba: notisi ya siku 90, kisha Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, yeye hatadai malipo. Injini ya bajaji ikanguruma chini, wakasubiri izimwe. Mama akauliza, "Hiyo kesi itakula misimu mingapi?"

"Siwezi kukudanganya. Mingi."

"Basi acha nilime, mwanangu. Wale nitakutana nao tena barabarani."

Nilikasirika. Hukumu moja ya Mahakama Kuu Mbeya kuhusu deni la viazi ingewasaidia wengi, nami nisingeweza kuifungua kwa niaba yake, maana aliyelala kwenye saruji ni yeye. Nilimwomba Wakili amsukume kidogo. Alikuwa ameshaanza kugongea watu mihuri. "Kesi ni yake," akasema, "hasira ndiyo yako." Bado nadhani alikosea. Angemwambia angalau afikiri wiki moja. Anayetoka mahabusu hataki kusikia neno mahakama, lakini wiki hubadilisha mambo. Nimemwambia hivyo usoni, na hakukataa.

Msimu uliofuata nilipanda Noah hadi Isyonje na laki moja kwenye bahasha. Mama aliihesabu, akanirudishia. Akaniambia ninunue mbegu, yeye atatoa nusu eka na mikono, tugawane. Tumeandikiana mkataba, mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi. Kipimo ni kilo, na kifungu cha nne kinasema ukungu ukiingia hasara ni ya wote wawili.